Saruji Juu ya Viganja

"Shusha huo mwiko, Kefa!"

"Mama Faith, ngoja kwanza. Mimi nimetumwa."

"Nimesema shusha! Nani kakutuma?"

"Mimi," Ferdinand alisema nyuma yangu. "Na usimfokee fundi wangu. Wageni wako Chitete sasa hivi, wanasaini kitabu cha wageni pale wilayani. Unataka wafike watukute tunagombana?"

"Nataka wafike waukute ukuta, shemeji. Uko wapi ukuta?"

"Si huo hapo? Umenyooka, unang'aa. Umesimama mbele yake halafu unauulizia."

Kefa akacheka kidogo, kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Ferdinand ni kaka mkubwa wa mume wangu, Gasper, na ndiye mwenyekiti wa kamati inayotunza zahanati ya zamani ya kijiji chetu, huku bondeni Momba, njia ya Kamsamba. Mimi ni katibu. Naishi Tunduma, lakini andiko la kuomba ruzuku ya serikali ya kuhifadhi majengo ya kale na vitu vyake niliandika mimi, meza ya jikoni, watoto wakiwa wamelala. Tulipita mchujo wa kwanza. Siku hiyo maafisa walikuwa wanakuja kulitazama jengo kwa macho yao kabla ya kuamua. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nikiwa na furaha zangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mawe. Mawe ya pembeni mwa njia, kutoka barabarani mpaka mlangoni, yote yamepakwa chokaa. Nikajua kuna jambo.

Ukuta niliokuwa nauulizia ni wa chumba cha wazazi. Chumba hicho ni cha udongo, na wanawake wa bonde hili walijifungulia humo tangu enzi za mkoloni mpaka kilipofungwa. Palikuwa na utaratibu ambao sijausikia mahali pengine. Mtoto akifikisha mwezi, mama yake alirudi na ndoo ya udongo wa kichuguu. Alitafuta sehemu iliyopasuka au iliyoliwa na mchwa, akaisiriba, akailainisha kwa maji, kisha akakandamiza kiganja chake pale na, kando yake, unyayo wa mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani kwa mkunga, na hiyo ndiyo iliyofanya chumba cha udongo kisimame muda wote huo. Kilikuwa kinakarabatiwa na kila anayezaa. Kuna viganja vya Wanamwanga na Wanyiha, vya kina mama waliovuka kutoka upande wa Zambia uchungu ukiwa umeshaanza, vya wake za wafugaji wa Kisukuma walioshuka huku na ng'ombe zao. Ukuta mzima, juu mpaka chini.

Changu kiko kando ya mlango, chini kabisa, kwa sababu nilikikandamiza nikiwa nimekaa. Nilikuwa sijapata nguvu ya kusimama. Pembeni yake kuna unyayo wa Luka, urefu wa kidole gumba changu. Luka alikuwa mwanangu wa kwanza, kabla ya Faith. Hakufikisha mwezi. Hakufikisha hata wiki. Sina picha yake, wala nguo yake, na kaburi lake lilichukuliwa na mto masika yaliyofuata. Ule unyayo ndio kitu pekee duniani kinachoonyesha kwamba alikuja.

Asubuhi hiyo kando ya mlango palikuwa na saruji.

"Hivi unafikiri huu ni Mwenge?" nikamwambia Ferdinand. "Unafikiri ni Mwenge wa Uhuru unapita, tupake mawe chokaa tuimbe?"

"Na Mwenge ukipita tunafanyaje? Tunapanga uchafu? Mgeni wa serikali ni mgeni wa serikali. Anasafishiwa."

"Hawa wanatoa hela ya kuhifadhi vitu vya zamani. Vya zamani, shemeji! Watahifadhi nini sasa, saruji ya leo asubuhi?"

"Masharti yanasema jengo liwe katika hali nzuri."

"Katika hali yake! Liachwe katika hali yake! Niliwasomea mbele ya kamati nzima, wewe ukiwa kiti cha mbele."

"Ulisoma haraka."

"Nilisoma mara mbili!"

"Basi ulisoma mara mbili haraka." Alikuwa amevaa suti ya harusi ya binti yake, joto lote lile la bondeni, jasho linamchuruzika mpaka kwenye tai. "Sikiliza, Mama Faith. Watu wametoka Dodoma. Tuwaingize kwenye chumba cha matope wakasema nini? Hiyo diploma yako si ya maendeleo ya jamii? Jamii inataka maendeleo, wewe unataka matope."

Nilikuwa nimeuona mzani. Mzani wa kupimia watoto, wa chuma, ule ulioachwa na wauguzi wa zamani, ulikuwa umepakwa rangi ya silva, kila mahali, mpaka kwenye uso wa namba. Hakuna namba hata moja iliyosomeka. Kando yake kigoda cha mkunga kilikuwa kimepigwa vanishi. Nilikigusa, kikaninasa kidole.

"Na hivi?"

"Vimependeza," Ferdinand alisema. "Vilikuwa na kutu."

Mzani na kigoda nilikuwa nimevieleza kwenye andiko, kimoja kimoja, na picha zake. Hela tuliyoiomba ilikuwa ya kuezeka paa upya, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yameanza kuteremka juu ya viganja, na ya kutengeneza kabati la kutunzia vile vitu. Hakukuwa na hela ya silva. Nikageuka kwa Kefa, maana yeye angalau alikuwa na kitu mkononi.

"Kefa, kabla ya kupiga lipu uligonga ukuta?"

Akainamia karai lake. Fundi yeyote anajua kwamba lipu haishiki juu ya ukuta laini. Unaugongagonga kwanza kwa nyundo, unautoboatoboa wote, ndipo unarushia.

"Ilitakiwa nigonge, Mama Faith. Lakini mwenyekiti alisema haraka, na mimi nyundo nilikuwa nimeiacha nyumbani..."

"Hukugonga?"

"Sikugonga. Nimerushia tu juu."

"Mungu akubariki kwa uvivu wako."

"Amina," akasema. Hakujua kama nimemsifu au nimemtukana.

Kwa hiyo viganja vilikuwa bado vipo chini yake. Nilisogea nikaibonyeza saruji ya upande wa dirisha, kidole kikazama. Nikaenda mlangoni, nikabonyeza pale chini. Kidole hakikuzama. Palikuwa pagumu na pana joto.

"Kwa nini ulianzia hapa?" nikamuuliza Kefa. "Fundi gani anaanzia kwenye kona ya chini mlangoni? Watu wanaanzia juu."

Kefa akamtazama Ferdinand. Ferdinand akatazama nje.

"Nauliza! Nani alikwambia uanzie hapa?"

"Usimsumbue kijana wa watu," sauti ilisema kutoka nje. "Ni mimi."

Mama mkwe wangu, Gwalugano, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, amejifunga kitenge chake cha kwenda kanisani. Nilikuwa nimempita wakati naingia, nimempita mbio, hata salamu sikumpa. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa chumba kile. Mikono yake ndiyo iliyopokea nusu ya watu wa kijiji, na Luka.

Nikatoka, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemaliza kupiga kelele?"

"Bado, Mama."

"Basi nipigie mimi. Ferdinand hakuamua kitu. Mimi ndiye niliyesema chumba kipigwe saruji, na mimi ndiye niliyesema waanzie pale."

Ningekuwa naongea na mtu mwingine ningemrukia. Kwa mama mkwe unameza kwanza. Nikameza.

"Kwa nini, Mama? Mguu wa Luka uliuweka wewe mwenyewe. Nilikuwa nimekaa sakafuni, ukanishika mkono ukaukandamiza, kisha ukauchukua mguu wake. Mwezi bado, ukasema huyu tusimsubirishe."

"Niliuweka mimi. Ndiyo."

"Sasa?"

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Alipoongea hakuniangalia.

"Tulipomzika, kesho yake alikuja bwana afya. Wewe ulikuwa bado umelala ndani kwangu, maziwa yanakutoka. Alisimama hapo mlangoni, hakutaka hata viatu vyake viguse sakafu. Wanawake walikuwa wamejaa hapa, wengine na matumbo yao. Akasema mbele yao wote, wewe mkunga gani? Huu udongo ndio unaoua watoto. Mjukuu wako mwenyewe umemuua kwa matope. Akachukua kufuli, akafunga."

"Hili mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba nimekuulia mtoto?"

Ferdinand aliinamisha kichwa. Alikuwa analijua. Na Gasper naye bila shaka alikuwa analijua. Nyumba nzima walikuwa wanalijua, isipokuwa mimi niliyemzaa.

"Kila nikipita hapa napita nimegeuza uso," mama mkwe akaendelea. "Ule mguu unanitazama. Leo wanakuja tena watu wa serikali, wataingia, watasimama palepale aliposimama yule. Nikasema hapana. Safari hii wakute saruji. Wakute chumba cha watu. Asisimame mtu mwingine hapa akaniambia nilizalisha watu kwenye matope."

Hasira yangu ilikuwa imekuja na watu wake wa kuwapata, Ferdinand na suti yake, Kefa na karai lake. Sasa haikujua imshike nani. Nilimtaka yule bwana afya. Nilitaka awe pale, na viatu vyake, nimwoneshe sakafu. Mtu aliyefunga chumba cha wanawake kwa kufuli na asijenge kingine. Tukaanza kuzalia njiani, kwenye mikokoteni ya ng'ombe, tukielekea hospitali ambayo mvua ikinyesha haifikiki. Na huyu mama akabeba neno lake miaka yote, anapika, ananipokea, ananilelea Faith, mimi namwita Mama kila siku, naye ananitazama kama mshtakiwa.

"Mama," nikasema, "inawezekana udongo ulimuua. Inawezekana haukumuua. Hakuna aliyempima. Yule bwana hata hakumwona."

"Alisema."

"Alisema! Na waliotoka humu wakiwa hai aliwasema? Aliwahi kuuliza ni wangapi?"

"Mimi sikuwahesabu."

"Hukuwahesabu kwa sababu wako ukutani. Wote wako ukutani, na leo umewafunika ili ufunike mmoja!"

Sauti ilinipanda. Najua kwamba mkamwana hamwambii mama mkwe wake hivyo, na Ferdinand akanikumbusha hapohapo, "Shemeji, adabu."

Simu ya Ferdinand ikaita. Akaikimbilia pembeni, akanyoosha tai, kana kwamba aliyepiga anamwona.

"Ndiyo, mheshimiwa... Ndiyo, tupo tayari kabisa... Tumeshaanza ukarabati, mheshimiwa, kwa nguvu za wananchi... Karibuni sana." Akakata. "Wametoka Chitete. Kwa barabara hii ni saa moja, saa moja na kitu. Kefa, rudi kazini, malizia huo upande wa dirisha. Mama Faith, mimi nakuomba. Wakute ukuta umekamilika. Wakikuta nusu saruji nusu matope, watasema hawa hata hawajui wanachotaka."

"Na watakuwa sahihi."

"Basi sikia, tufanye hivi. Ruzuku ikiingia, nitamtafuta fundi mzuri, siyo huyu..."

"Asante, mwenyekiti," Kefa alisema.

"...atatoboa pale mlangoni taratibu, atautoa huo wa kwako. Tutauwekea kioo. Na fremu. Utakuwa unakuja kuuangalia."

Niseme ukweli, nilisimama nikaufikiria. Kioo, na nyuma yake unyayo wa Luka, paa jipya juu yake. Nilikuwa nimefikia mahali pa kuuliza kioo cha ukubwa gani.

"Na vya kwangu?"

Alikuwa Rosemary, mke wa Nkwabi mfugaji, amesimama na ndoo ya maji kichwani. Maji yote ya kukorogea saruji tangu alfajiri alikuwa anayachota yeye na wenzake.

"Vya kwako vimefanyaje?" Ferdinand akamuuliza.

"Vya kwangu viko vinne pale dirishani. Niliambiwa nachota maji ya kupiga deki. Sikuambiwa ya kunifukia. Na mimi napata vioo vinne?"

"Rosemary, hii ni kamati inazungumza."

"Nimesikia inavyozungumza. Inasikika mpaka mtoni." Akaishusha ndoo. "Na wale wa Zambia je? Watakuja na fremu zao?"

Ferdinand akajipangusa jasho kwa tai. Ndipo nilipoona nilichokuwa karibu kukikubali, nikajichukia kidogo, kisha nikarudi kumchukia yeye, ilikuwa rahisi zaidi.

"Kefa," nikasema, "hii saruji inabanduka?"

Akaja akaigusa, mlangoni, katikati, dirishani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akiwa fundi.

"Kule dirishani na hapa katikati bado mbichi. Ukibandua sasa kwa mkono, siyo kwa mwiko, taratibu, udongo utabaki. Lakini kwa joto hili haifiki mchana, itakuwa imeshika. Watu wakiwa wengi mtawahi."

"Na mlangoni?"

"Mlangoni nilianza alfajiri. Imeshaanza kushika. Pale panataka kulowanishwa kidogo kidogo, mtu mmoja akae hapo hapo, pengine kutwa nzima, na bado sikuahidi. Inaweza ikatoka na udongo wake wote. Na huyo mtu awe mimi, maana mwingine ataharibu."

"Na wewe ukikaa mlangoni, dirishani nani anawaelekeza?"

"Hakuna. Watavuruga." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Ni huku au kule, Mama Faith. Vyote viwili hatuviwezi. Na kama ni mlangoni, ni sasa hivi, kesho hapatakuwa na cha kulowanisha."

Niliingia ndani peke yangu. Hawakunifuata. Nilichuchumaa kando ya mlango, nikaweka kiganja juu ya saruji, pale ninapopajua. Hapakuwa na kitu cha kugusa. Palikuwa panawasha tu, vile saruji inavyowasha. Nilimtukana Kefa, nikamtukana Ferdinand, nikamtukana bwana afya ambaye hata jina lake silijui. Mama mkwe sikumtukana, lakini nilikuwa karibu. Kisha nikatazama juu, ule ukuta wa kijivu, nikawaza ni kina mama wangapi hawajui kwamba wamefunikwa. Wengine wamekufa. Wengine wana watoto ambao hawajawahi kuambiwa kwamba mguu wao uko mahali. Katika wote hao, tuliokuwepo pale na kuweza kupiga kelele tulikuwa wachache, na dakika chache zilizopita mimi nilikuwa nauza kelele zangu kwa kioo.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia mwimo wa mlango.

"Fausta," akasema. Huwa haniiti kwa jina. "Unafanyaje?"

"Kefa!" nikaita. "Mlangoni usiguse. Tunaanzia dirishani."

"Utamwacha humo?" mama akauliza.

"Namwacha."

"Kwa ajili yangu?"

"Hapana, Mama. Nimekukasirikia, na kesho nitakuwa bado nimekukasirikia, tutaongea nyumbani. Ni kwamba hawa wengine muda wao unaisha."

Nilidhani atalia, akanyoosha kidole. "Usianze chini, basi. Anza juu. Ukianza chini cha juu kitaangukia cha chini."

Ferdinand aliingia na viatu vyake vinavyong'aa. "Mama Faith, nakuonya. Gari likifika nitawaambia wewe ndiye uliyeharibu. Nitawaambia tulikuwa tumemaliza vizuri. Ruzuku ikipotea, kijiji kizima kitajua ni nani."

"Waambie. Waambie ni katibu wa kamati, jina lake Fausta, halafu uwaambie nani alipaka mzani silva. Kama hela itapotea, tutaezeka kwa nyasi, tuliezeka kwa nyasi kabla wewe hujavaa suti. Toka kwenye mwanga."

"Gasper akirudi safarini..."

"Gasper akirudi nina maswali yake. Toka kwenye mwanga, shemeji!"

Akatoka kwenye mwanga.

Nilivua viatu, nikapanda juu ya benchi. Kefa akaniambia saruji mbichi inakula ngozi, nitafute mifuko ya nailoni nivae mikononi. Nikamwambia aitafute yeye, mimi naanza. Niliingiza vidole kwenye kona ya juu ya dirisha, nyuma ya lipu, nikahisi mahali inapoachana na udongo, ubaridi juu ya ubaridi mwingine, nikavuta. Kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka sakafuni, kikapasuka. Udongo mwekundu ukatokea, umelowa, na ndani yake kiganja cha mwanamke nisiyemjua, kikubwa, kidole cha mwisho kimepinda. Kando yake unyayo, vidole vyote vitano.

"Taratibu," Kefa alisema. "Hivyo hivyo. Usivute kwa hasira."

"Sina namna nyingine ya kuvutia."

Rosemary akapanda upande wa pili wa benchi. Wenzake wakaingia na ndoo zao, wakamwaga maji nje, wakazigeuza wakasimama juu yake. Nikavuta kipande kingine.